Visiki vinne karibu na ziwa: visagwe, ving'olewe au viachwe vioze?

Mkazi_Dunga

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii vizuri. Kiwanja kiko upande wa Dunga, Kisumu, na kinateremka kuelekea ziwani. Miti imeshakatwa, vimebaki visiki vinne.

Cha kwanza ni mkaratusi, kipenyo sm 70 pale msumeno ulipopita, mita 3 kutoka ukuta wa nyumba. Cha pili ni mwembe wa sm 55 karibu na lango, na hapo nataka kuweka kabro (matofali ya zege ya kutandika chini). Cha tatu ni jakaranda, kimekaa karibu kabisa na bomba la maji linaloingia nyumbani. Cha nne ni mkaratusi mwingine, uko chini kabisa, hatua chache kutoka pale maji yanapofika ziwa likijaa.

Udongo ni mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunata mvua ikinyesha. Upande wa chini ukichimba sm 80 maji yanajaa shimoni. Lango lina upana wa sm 95. Kila ninayemuuliza ana lake: mmoja anasema nichome, mwingine nimwage chumvi, wa tatu anataka kuleta JCB, lile tingatinga la kuchimba. Nimeambiwa pia kuna mashine za kusaga visiki. Zinasaga hadi kina gani? Maranda yanapelekwa wapi? Na mkaratusi hautachipuka tena?

Fundi_Visiki

Karibu ndugu. Kabla hujaita mashine yoyote, amua kila mahali patakuwa nini mwaka ujao. Kina cha kusaga kinategemea hilo kuliko ukubwa wa kisiki. Panapoota nyasi tu, sm 15 hadi 20 chini ya usawa wa ardhi zinatosha. Ukitaka kupanda maua au kichaka, shuka hadi sm 30. Kwa kabro, hesabu ni nyingine: ukisaga kitovu cha kisiki ukaacha mizizi minene ya pembeni, itaoza baada ya miaka michache na kabro zitabonyea kwa mstari, mpaka mtu anaweza kuonyesha kwa kidole mzizi ulipopita. Kwa hiyo pale kwa mwembe, lipia kusagwa kisiki pamoja na kila mzizi mnene kuliko kifundo cha mkono, hadi pale kabro zinapoishia.

Mashine ndogo za kuongozwa kwa mkono zina injini ya petroli ya nguvu za farasi kama 13 hadi 15, na nyingi hufika sm 30 hivi. Zile zinazojiendesha zenyewe, za nguvu za farasi 25 na zaidi, hushuka zaidi na kumaliza upesi, lakini ni nzito. Pima mashine kabla haijapakiwa kwenye gari. Lango la sm 95 linapitisha nyingi, na baadhi zenye magurudumu pacha huwezesha kufungua yale ya nje, zikapita, kisha yakarudishwa. Usiache yakae nje wakati wa kusaga kwenye mteremko, zinapinduka kirahisi.

Kuhusu bei, kipenyo hupimwa chini, pale mti unapojitanua kabla ya kuingia ardhini. Mkaratusi wako wa sm 70 juu unaweza kuwa mita 1 chini. Wengi hugombana na fundi hapa kwa sababu mmoja alipima juu na mwingine chini. Kama mashine inatoka mbali, nauli yake ni ile ile kwa kisiki kimoja na kwa vinne, kwa hiyo ongea na majirani mwiteni siku moja.

Sasa kazi yenyewe. Kisiki kikatwe kwa msumeno wa mnyororo kibaki sm 5 hadi 10 juu ya ardhi. Kabla ya hapo, fagia udongo na changarawe kuzunguka shina, la sivyo mnyororo unakuwa butu kabla hujafika katikati. Chimbua kwa jembe na sururu nusu mita kuzunguka, toa kila jiwe linaloonekana. Jiwe likigonga meno ya mashine, ncha ngumu ya kabaidi inapasuka, na jiwe lenyewe linaruka kama risasi.

Gurudumu la kusagia, lile lenye meno, huanzia ukingo wa kisiki, si katikati. Linashushwa sm 2 hadi 5, linapelekwa kushoto na kulia taratibu, kisha mashine inasogezwa mbele kidogo. Ukifika mwisho unarudi nyuma na kushuka tena. Anayelazimisha sm 10 kwa mkupuo mmoja, injini inazama, mkanda unateleza na kutoa harufu ya mpira unaoungua. Mkanda ukishaungua hivyo hauna maisha marefu.

Angalia kinachotoka. Meno makali hutoa vipande vyenye ukubwa wa kucha. Ukiona unga mwembamba na mashine inatetemeka mikononi, meno yamekwisha. Mashine izimwe, waya wa plagi uchomolewe, ndipo mtu aguse gurudumu. Meno yabadilishwe kwa jozi zinazokabiliana, maana jino jipya upande mmoja na lililochakaa upande wa pili huleta mtikisiko unaoua beringi. Bolti zikazwe tena baada ya dakika 10 au 15 za kazi. Jino lililolegea likitoka hujui litaishia wapi.

Kwa kisiki kilicho mita 3 kutoka nyumba, simamisha vipande vya plaiwudi mbele ya madirisha na kati ya mashine na ukuta. Watu, watoto hasa, wakae mita 20 au zaidi. Mwendeshaji avae miwani na kinga ya uso, kinga ya masikio na buti zenye chuma mbele. Nguo isiyobana, leso au kamba ya koti inayoning'inia haitakiwi hata kidogo. Na gurudumu huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa baada ya injini kuzimwa. Wengi huumia katika sekunde hizo.

Mkaratusi huchipuka kutoka kwenye gome la kisiki na pale shina linapokutana na mizizi, hauchipuki kutoka mizizi ya mbali. Ukisaga sm 20 chini ya ardhi na kuhakikisha pete yote ya gome imeondoka, hata upande ule mgumu wa ukutani, umemaliza. Kosa la kawaida ni kuacha kipande cha gome chenye upana wa kiganja mahali ambapo gurudumu halikufika. Mvua za Aprili zikianza, machipukizi yanatokea hapo hapo. Mwembe na jakaranda nazo huchipuka, kanuni ni ile ile.

Jembe_la_Ahero

Naongezea upande wa udongo, kwa sababu udongo mweusi una tabia zake na mara nyingi ndio unaoharibu kazi nzuri.

Wakati: usilete mashine kukiwa na matope. Maranda yakichanganyika na udongo huo ukiwa umelowa yanakuwa ugali, yanaganda ndani ya kinga ya gurudumu na mashine inazama magurudumu. Kiangazi kikali nako udongo unakuwa mgumu kama tofali. Kipindi kizuri kwetu ni wiki mbili tatu baada ya mvua kupungua, ardhi inapokanyagika lakini jembe bado linaingia. Siku yenyewe anzeni saa moja asubuhi, maana mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri.

Jambo zito zaidi ni ule mkaratusi ulio mita 3 kutoka ukutani. Mti mkubwa hunywa maji ya udongo huu miaka yote, na udongo ulio chini unasinyaa. Mti ukiondoka, maji yanarudi, udongo unavimba na kuinuka polepole kwa misimu kadhaa. Ukiona ufa mpya kwenye ukuta au sakafu upande ule mwaka wa kwanza au wa pili, usikimbilie kumlaumu aliyesaga kisiki. Mtikisiko wa mashine ya aina hii ni mdogo. Chora alama ya penseli kwenye ncha za ufa na uandike tarehe pembeni, halafu angalia baada ya kila msimu wa mvua. Usipake plasta mpya wala kujenga kibaraza hapo hadi misimu miwili ya mvua ipite. Na hakikisha maji ya paa hayamwagiki pale pale kisiki kilipokuwa. Peleka mfereji kando, ardhi ipate maji kidogo kidogo, isilowe kwa mkupuo.

Kwa kabro: toa maranda yote na udongo mweusi uliochanganyika nayo, yote kabisa. Jaza maramu (udongo wenye changarawe) kwa tabaka za sm 15, nyunyiza maji kiasi, shindilia kila tabaka kwa mashine ndipo uweke jingine. Ukijaza sm 45 kwa mara moja na kushindilia juu, chini pamebaki sponji. Kwa magari madogo ya nyumbani kabro za mm 60 hutosha. Kama malori ya maji au ya mchanga yatapita, weka za mm 80.

Bomba la jakaranda: kabla ya siku ya kazi, fuata njia ya bomba kuanzia mita ya maji hadi nyumbani, chimba kwa mkono vishimo vidogo vya kulitafuta kila nusu mita, na uweke vijiti vyenye kitambaa chekundu. Mara nyingi utakuta mzizi umelikumbatia. Upande huo usisage karibu zaidi ya sm 30 kutoka bomba, malizia kwa shoka na msumeno wa mkono. Funga valvu ya mita kabla ya kuanza. Fanya vivyo hivyo kwa waya za umeme za ardhini na bomba la maji taka.

Mkazi_Dunga

Asanteni sana, haya ndiyo nilikuwa natafuta. Kisiki cha nne, kile cha karibu na maji, nacho nikisage hivyo hivyo? Na yule wa JCB anasema ataking'oa chote kwa nusu saa. Kuhusu chumvi na kuchoma hamjasema kitu.

Fundi_Visiki

Hapo JCB isiingie. Mizizi ya ule mkaratusi ndiyo inayoshika ukingo. Ukiung'oa na mizizi yake, unaacha shimo la mita mbili tatu lililolegea, na ziwa likipanda kama lilivyopanda mwaka 2020 mawimbi yatakula kuanzia hapo. Tena ardhi ya ukingo ina masharti yake, kwa hiyo pitia kwa NEMA (mamlaka ya mazingira) na Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla hujagusa udongo.

Wakikubali, saga juu juu tu, sm 10 hadi 15, iwe ya kupunguza machipukizi, na uache mizizi yote chini. Panda nyasi zenye mizizi mirefu kuzunguka siku hiyo hiyo, vetiva kwa mfano, kwa mistari inayokata mteremko. Mashine isimame ikitazama juu au chini ya mteremko, isikae kiubavu. Petroli na oili zijazwe juu karibu na lango, juu ya turubai, zisijazwe ukingoni. Maranda yakusanywe kabla ya mvua, yasisombwe ziwani.

Dawa ya kuua kisiki, ile ya glaifosati, hufanya kazi ikipakwa dakika chache tu baada ya kukata, kwenye pete ya nje karibu na gome, maana katikati ni mti mfu. Kwako imeshapita muda, labda kikatwe upya. Kwa kile cha karibu na maji singeitumia kabisa. Vunja machipukizi kwa mkono kila baada ya wiki tatu nne yakiwa bado mafupi kuliko sm 30. Kazi hiyo inaweza kuchukua mwaka au zaidi, lakini kila mara kisiki kinapoteza akiba yake.

Chumvi haiui kisiki kikubwa upesi, inaua udongo, kisha inateremka na maji kuelekea chini. Oili chafu ni mbaya zaidi. Kuchoma nako: moto huingia kwenye mzizi na kutembea chini ya ardhi siku kadhaa bila moshi kuonekana, unatokea mahali pengine, mita 3 kutoka ukuta wako. Kuacha kioze ni njia halali pale chini mbali na nyumba, ila ujue palipojaa maji mti huoza polepole kwa kukosa hewa; sehemu ya juu huisha, ya chini inabaki, na katikati panakuwa shimo lililofunikwa na nyasi. Karibu na nyumba usiache, mchwa hujenga kwenye kisiki kwanza halafu wanatafuta mbao za paa.

Ukiwa na mti mwingine utakaoung'oa kwa winchi siku zijazo, mwambie mkataji aache shina la mita 1 hadi 1.5, ndiyo mkono wa kuvutia. Ukitaka kusaga, akate chini kabisa. Watu humwambia baada ya kukata, na hapo hakuna la kurekebisha.

Bustani_Nakuru

Kuhusu maranda, hesabu kwanza nafasi. Kisiki cha mita 1 kwa upana, kikisagwa sm 30 chini pamoja na sm 10 zilizobaki juu, ni kama mita za ujazo 0.3. Kikishasagwa kinafumuka mara tatu hivi, kwa hiyo utakuwa na karibu mita ya ujazo nzima, sawa na toroli 14 au 15 za lita 65. Kubalianeni na fundi mapema nani anayabeba. Wengi husaga, hurudisha rundo shimoni na kuondoka, na mwaka unaofuata mwenye nyumba ana bonde.

Usiyafukie shimoni ukapanda juu yake. Vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo, na mmea wako unakuwa wa manjano hata ukimwagilia kila siku. Toa yote unayoweza, jaza udongo mzuri, acha kichuguu cha sm 10 hadi 15 kwa sababu utashuka. Maranda ya mwembe na jakaranda yatandaze juu ya ardhi kama matandazo, unene wa sm 5 hadi 8, mbali na shina la mmea kwa kiganja kimoja, na mbali na ukuta wa nyumba kwa ajili ya mchwa. Ya mkaratusi yaweke rundo peke yake, yageuze, yanyeshewe miezi kadhaa kabla ya kuyatumia, kwa sababu yakiwa mabichi yana kemikali zinazodumaza miche. Kwenye njia za kupita unaweza kuyamwaga hata leo.

Kwa wa huku kwetu Nakuru, udongo wa majivu ya volkano una tatizo tofauti: haunati, lakini unakula meno kama msasa na vumbi lake si la kuvuta. Lowesha eneo jioni iliyotangulia na uvae barakoa nzuri.

Mvinje_Kilifi

Nasoma kutoka Pwani, naweka neno moja kwa wenye nyumba za ufukweni wasije wakanakili kila kitu. Mnazi hauna gome linalochipuka. Ukikata kilele umekufa, kwa hiyo hofu ya machipukizi haipo. Shida yake ni nyuzi. Mizizi ni mamia ya kamba nyembamba, inajiviringisha kwenye mhimili wa gurudumu mpaka mashine inagoma. Simamisha kila baada ya dakika chache, chomoa waya wa plagi, kata nyuzi kwa kisu. Na usiuache uoze wenyewe: mdudu mwenye pembe, Oryctes monoceros, hutaga kwenye minazi inayooza na kizazi chake kinahamia kwenye minazi mizima ya jirani.

Chini ya mchanga wetu kuna mwamba wa matumbawe, wakati mwingine sm 20 tu. Chomeka mtaimbo sehemu sita kuzunguka kisiki kwanza, ujue mwamba uko wapi, kisha useme kina. Jioni mashine ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe, itiwe grisi. Hewa ya bahari ikikaa usiku mmoja kwenye bolti za meno, kesho spana inazunguka bila kitu kufunguka.

Mkazi_Dunga

Nimewaelewa. La mwisho: ule mwembe wa lango ulikuwa nguzo ya ua zamani, kulikuwa na seng'enge. Kuna shida?

Fundi_Visiki

Ipo, na ni vizuri umesema kabla. Mti humeza seng'enge na misumari, gome linafunga juu yake na huoni kitu. Fagia uso wa kisiki, mwagia maji, uangalie. Chuma kikiwa ndani huacha doa jeusi linaloelekea samawati, kama wino uliomwagika, mara nyingi refu kufuata nyuzi za mti. Weka sumaku yenye nguvu juu ya doa na kuzunguka ubavuni, au azima kitambua chuma. Seng'enge nyingi hufungwa kuanzia usawa wa goti kwenda juu, kwa hiyo huenda ilikwenda na shina, lakini ule uzi wa chini kabisa huzama karibu na ardhi, na ndio wa kutafuta.

Ukilipata doa, usilisage. Chonga kwa shoka na patasi hadi waya uonekane, ukate kwa koleo ncha zote mbili, vuta nje. Waya usiotoka, lazimisha kipande chote cha mti kitoke kwa mtaimbo. Mwambie mwendeshaji hata kama umeshatoa, ashuke sm 2 tu kila mkupuo upande huo, na plaiwudi ya lango isimame hadi amalize.